Mada ya Jumamosi: miaka 15 ya Zitto bungeni

Assalamu alaykum na habari za jioni, wanakikundi. Jumamosi saa 10 jioni tukutane chini ya mwembe uleule, Ujiji. Mada ni Zitto Kabwe: mbunge wa Kigoma Kaskazini kuanzia 2005, kisha Kigoma Mjini 2015 hadi 2020. Mimi ningeanzia Agosti 2007. Alihoji mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Bunge likamsimamisha. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akamteua kwenye kamati ya Jaji Bomani kupitia mikataba hiyohiyo ya madini! Sakata la 2014 la fedha zilizochotwa akaunti ya Tegeta Escrow, Benki Kuu, nalo tutaligusa. Wa chama chochote karibuni, ila bendera ziacheni nyumbani. Mama zetu wa dagaa wa Kibirizi wamepewa nafasi ya kwanza kuuliza. Mkeka mmoja umechanika, mwenye wa ziada aje nao.