Radiali laini na barabara yenye maji

Mhariri,

Wenzetu mlioko Marekani mnaokimbiza magari robo maili, radiali laini za mbio (matairi ya mpira mlaini ambayo nyuzi zake za ndani hukingama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine) haziko sawa zote, hata zikiruhusiwa barabarani. Tazameni kwanza mifereji ya kutoa maji kwenye tairi. Tairi la Mickey Thompson ET Street R lina michache mno. Mvua ikinyesha tairi huelea juu ya maji na breki hazisaidii. Anayeendea kazini gari lake la mbio achukue tairi la ET Street S/S, lenye kashata (vinundu vya mpira na mifereji yake) zaidi. Uwanjani anzeni na upepo wa psi 18 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye matairi ya nyuma, kisha ongezeni au punguzeni psi 1 kila mbio. Kabla ya kurudi nyumbani jazeni upepo! Tairi lenye upepo mdogo hupinda ubavu, huchemka, hupasuka. Na nyuma kukiwa na radiali, mbele pia ziwe radiali, la sivyo gari litayumba kwenye kasi.