Fikra za vita si ngazi

Mhariri,

Nimeisoma makala mliyoitoa juzi kuhusu mabadiliko ya fikra za kivita, kutoka Sun Tzu wa China hadi zama hizi za droni. Mwandishi kaipanga kama ngazi: huyu alifikiri hivi, akaja yule akamzidi, mpaka tukafika tulipo. Nami nimefundisha historia hapa Mombasa hadi kustaafu, na ngazi hiyo hiyo nimeichora ubaoni miaka nenda miaka rudi, kwa hivyo siwezi kumlaumu peke yake. Linaloniuma ni kwamba gazeti lauzwa hatua chache kutoka Ngome ya Yesu (Fort Jesus), na Ngome hiyo imetajwa kwa kupitia tu.

Jumamosi nilikwenda huko na mjukuu wangu. Aliyetutembeza alitaja mwaka 1593 ilipoanza kujengwa, akataja Wareno walioijenga, akatuonyesha pa kupigia picha, basi. Mtoto ndiye aliyeuliza: "Babu, mbona ukuta una pembe pembe?" Tulipotoka nje nikamwambia atafute mahali pa kujibanza chini ya ukuta ambapo askari wa juu hatamwona. Akahangaika, kila akijificha na pembe hii, ile ya pili yamtazama. Ndiyo hesabu ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyeichora Ngome. Mizinga ilikuwa imeshaziporomosha kuta ndefu za zamani huko Ulaya, Wataliano wakajibu kwa kuta fupi, nene, zenye pembe zinazochomoza ili kila moja imlinde mwenzake.

Sasa itazameni hesabu hiyo ilivyofanya kazi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno wenyewe huko Goa, koloni lao la India, aliiteka Ngome bila kubomoa jiwe. Aliingilia mlangoni, kama mgeni wa heshima. Hila hiyo ni ya kale kuliko mzinga.

Kisha Machi 1696 wakaja Waomani. Hawakuwa na haja ya kuvunja ukuta. Waliizingira, wakaketi. Ngome iliishi kwa upepo: msaada kutoka Goa ulingoja kaskazi, wa kutoka Msumbiji ulingoja kusi, na upepo haupokei amri ya mfalme wa Lisbon. Ndani kukaingia njaa, kisha maradhi. Kufikia Agosti 1697 askari wa Kireno walikuwa wamekwisha kufa, na aliyebaki kuishika Ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwani Pate, na jamaa zake na Waafrika wengine, wengi wao wanawake. Naam, wanawake juu ya kuta za Cairati! Vitabu tulivyofundishia havikuwa na mstari hata mmoja juu yao.

Msaada ulipofika Septemba, meli moja, Santo António de Tanná, ilizama pale pale chini ya Ngome. Wanaakiolojia walianza kuichimbua mwaka 1977, na baadhi ya vyombo vyake vimo katika makumbusho ya Ngome. Kitabu cha Clausewitz, Mjerumani mwananadharia wa vita, kilichotoka 1832, chaeleza jinsi mipango ya vita inavyosuguana na mambo yasiyotazamiwa. Makala yenu yaliita hilo uvumbuzi. Mabaharia wa Santo António walikwisha kulijua miaka 135 kabla yake.

Na kama ni watu wa nadharia, mbona Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis, aliachwa? Katika kitabu chake Muqaddimah, mwaka 1377, alilinganisha jeshi linalosonga mbele kwa safu na lile la kushambulia na kurudi nyuma. Hili la pili ndilo alilolitumia Lettow-Vorbeck, jemadari wa Kijerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Tanganyika na Msumbiji hadi Novemba 1918, miaka zaidi ya mia tano baadaye. Hiyo ni ngazi gani?

Naomba pia sahihisho moja. Mliandika kwamba Waomani waliichukua Ngome "kwa shambulio kali". Kweli ukuta ulipandwa, Desemba 1698, lakini baada ya miezi 33, na waliokuwa ndani wakati huo ni wachache mno. Siku chache baadaye meli za msaada zilitokea, zikaiona bendera ya Oman juu ya Ngome, zikageuza tanga.

Mwalimu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa