Tawimto ni tawi la wapi?

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi niseme hili la tawimto maana limenikaa kooni tangu juzi.

Binti yangu wa darasa la tano karudi na daftari limepigwa mkasi mwekundu. Swali lilikuwa tawimto ni nini, yeye kaandika "ni mto unaotoka kwenye mto mkubwa na kwenda njia yake". Kakosa. Jibu ni mto unaoingia kwenye mto mkubwa. Na mwalimu sina ugomvi naye, ndo ilivyo kwenye vitabu, ila mtoto kaniuliza baba, tawi la mwembe si linatoka kwenye shina? Nikabaki natazama daftari.

Maana ukifikiria, mtoto yuko sawa. Tawi linatoka, haliingii. Rufiji ukikaribia bahari unajigawa, maji yanapita huku na kule kwenye mikoko hadi yanatokea mkabala na Mafia, mmojawapo unaitwa Simba Uranga, sasa hayo mimi ndo ningeyaita matawi. Lakini Ruaha Mkuu unakuja toka Usangu, unapita Mtera, unapita Kidatu, umeshazungusha mitambo ya umeme huko kote ndo unaingia Rufiji, eti nao tawi! La nani?

Wengine wanasema tuite kijito. Jamani. Kijito ni mto mdogo, basi, uwe unaingia mto mwingine au unaishia kwenye tope la mpunga. Mimi nimekulia Ifakara, Kilombero naujua, kabla ya daraja tulikuwa tunavuka kwa pantoni na masika ilikuwa unaangalia yale maji unasoma dua zote unazozijua, halafu mtu aniambie kile ni kijito? Huo mto peke yake unaleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji.

Tena Rufiji yenyewe haina chanzo chake mlimani kama wengi wanavyodhani, jina linaanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kwenye maporomoko ya Shuguri. Yani hayo "matawi" yapo kabla ya shina. Pangani nao hivohivo, Kikuletwa na Ruvu zinaingia Nyumba ya Mungu, mto unaotoka bwawani ndo Pangani.

Kwetu sijawahi kusikia mkulima wala mvuvi akitamka tawimto. Watu wanasema Lumemo inaingia Kilombero, au inamwaga Kilombero, imeisha hiyo, na ikifurika mjini kila mtu anajua maji yametoka wapi na yalikuwa yanaelekea wapi. Neno "inaingia" linakupa na uelekeo humohumo.

Nilipomweleza bibi yake (mama yangu, hajui hizi jiografia za shule) akacheka, akasema kama mnataka mti basi semeni mizizi, si ndo inayokusanya maji huku na huku ikapeleka kwenye shina? Na matawi yakae kule juu, yani kule baharini. Nimelirudia kichwani siku mbili hizi sijaona kasoro yake.

Najua neno likishaingia kwenye kamusi na mitihani kulitoa ni kazi, na sisemi mwanangu arudishiwe maksi. Ombi langu ni dogo, gazeti lenu likiandika habari za mafuriko au za bwawa msituletee "Ruaha Mkuu, tawimto la Rufiji", andikeni Ruaha Mkuu unaoingia Rufiji, herufi hazizidi hata moja, wino hautaisha.

Na kama mtang'ang'ania hilohilo basi mtuambie na wingi wake, maana hapa nyumbani tumeshindwana, mimi nasema matawimto, mke wangu tawimito, na binti kaandika matawi ya mito nayo ikapigwa mkasi.

Baba wa mwanafunzi, Morogoro