Usilipe bado hiyo sarafu

Kwako Idi,

Salaam nyingi. Huku wote wazima, na kimya chako tumekisamehe. Picha za hiyo sarafu ya Kirumi unayotaka kununua nimezipata. Kabla hujatoa hela, ngoja kwanza.

Mchoro hauna neno: kichwa cha Vespasian, mfalme wa Roma, mbele, nyuma mtende, mwanamke ameketi chini analia, IVDAEA CAPTA, yaani Yudea imetekwa, na S C, yaani kwa amri ya Seneti. Muuzaji anasema ni ya mwaka 70. Hajasoma maandishi: COS III ni konsuli, cheo kikubwa cha Roma, mara ya tatu, yaani 71, mwaka mmoja baada ya Yerusalemu kuanguka. Hilo dogo.

Uzito ndio unanikera. Gramu 19! Sesterti, sarafu kubwa ya shaba ya njano kama hiyo, ya wakati ule huwa karibu 25. Iliyolika sana hupungua, sawa, lakini hiyo hata nywele za mfalme zinahesabika. Gramu sita zimekwenda wapi? Na upana ni milimita 30, wakati nyingi hufika 33 hivi. Kalibu ikitolewa kwenye sarafu halisi, madini yakimiminwa na kupoa hunywea, ndipo nakala hutoka ndogo kuliko mama yake.

Chukua lenzi ya sonara, tazama ukingo. Ukiona mstari umezunguka katikati, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au mikwaruzo ya tupa iliyoufuta, achana nayo. Tazama pia kando ya herufi: vishimo vya mviringo ni mapovu, na sarafu iliyogongwa kwa nyundo haina mapovu.

Kisha omba mizani ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka glasi ya maji juu yake, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa glasi. Gawanya 19 kwa namba utakayoiona. Shaba ya njano, yenye zinki, itoe kama 8.5. Ikifeli umemaliza kazi. Ikipita bado si ushahidi, maana shaba ya leo nayo hupita.

Narudi kwenye uzito: hata vipimo vingine vikipita, zile gramu sita anieleze!

Na isioshwe kwa siki wala ndimu. Asidi hula zinki, uso ukabaki mwekundu. Mwambie Rashidi, maana najua ndiye atakayeleta ndimu.

Mbona hakupiga picha ya ukingo? Ana karatasi za kuonyesha ilitoka nchi gani na kihalali? Atarudisha pesa ikigundulika bandia? Ile ya Domitian, mwanawe Vespasian, yenye GERMANIA CAPTA (Germania imetekwa), bado anayo, na ina uzito gani? Na Mwanaisha kajifungua?

Ni mimi,
Seif