Barua kutoka Seoul: kazi na maradhi Korea Kaskazini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku Korea Kusini ni mzima, na masomo yangu ya afya ya jamii yanaendelea vizuri. Uliniuliza kwenye simu kama wale madaktari wa Korea Kaskazini waliokuwa na kliniki Dar es Salaam, kabla serikali yetu haijafunga mbili kati ya hizo mwaka 2016, walikuwa wakitajirika. Sivyo, Baba. Sehemu kubwa ya mapato yao ilichukuliwa na dola iliyowatuma, na familia zao zilibaki nyumbani kuwa dhamana kwamba watarudi.

Nimefahamiana hapa na mama mmoja aliyetoroka kutoka Korea Kaskazini, sehemu za mpakani na China. Katiba yao inaahidi matibabu ya bure, lakini mumewe alipougua kifua kikuu, hospitali ilikuwa na daktari na kitanda tu. Dawa mama huyo alizinunua mwenyewe sokoni, na maji ya dripu yalitundikwa katika chupa ya bia iliyochemshwa. Fedha hizo hazikutoka kiwandani, maana kwa miaka mingi mshahara rasmi wa mwezi haukutosha kununua hata kilo moja ya mchele. Zilitoka kwenye biashara ndogo ya mama huyo. Mwanamke aliyeolewa huweza kutoandikishwa kazini, ndiyo maana masoko yamejaa kina mama, nao ndio wanaolisha nyumba. Mwanamume hana nafasi hiyo: asipofika kazini huadhibiwa, kwa hiyo wengi hulipa kila mwezi ili waandikwe kuwa wapo, hata pale ambapo kiwanda hakina umeme wala malighafi. Mumewe naye alilipa, ili apate kulala kitandani akiumwa.

Juu ya hayo kuna kampeni za lazima. Kila Januari watu hupangiwa kiasi cha kinyesi cha binadamu cha kupeleka mashambani kuwa mbolea, na minyoo hurudi mezani pamoja na mboga. Askari wao aliyevuka mpaka kuja Kusini, pale Panmunjom, mwezi Novemba 2017, akiwa amepigwa risasi na wenzake, madaktari wa mji wa Suwon, huku Kusini, walimtoa tumboni minyoo, mmoja wao ukiwa na urefu wa sentimita 27. Huyo ni askari. Fikiria hali ya mkulima.

Wapo wanaovitupia vikwazo vya Umoja wa Mataifa lawama zote. Vimeumiza, sikatai, kwani hata vifaa vya hospitali vimecheleweshwa na vibali. Lakini ni serikali yenyewe iliyofunga mipaka Januari 2020, hadi wafanyakazi wa kigeni wa mashirika ya misaada wakaondoka wote, na hilo siwezi kulisamehe.

Dada wa mama huyu bado yuko kule, naye anakohoa. Mama huyu humtumia fedha kupitia madalali wanaokata karibu theluthi moja, na hupita miezi bila kujua kama zimefika. Aliniuliza kwetu dawa za kifua kikuu ni kiasi gani. Nilipomwambia kwamba Babu alipewa za miezi sita bila kulipa, aliniomba nirudie.

Nisalimie Mama na wadogo zangu wote.

Mwanao akupendaye.