Kwa mwanangu uliye Ujerumani, kabla hujaenda Sachsenhausen

Mwanangu,

Nimeisikiliza sauti uliyonirekodia, kwamba darasa lenu litapelekwa kuitazama kambi ya mateso ya Sachsenhausen, pamoja na lile swali lako la mwisho: "Hivi shangazi, Wayahudi walikuwa wengi vile, mbona walikubali tu kuuawa?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe uliyelianzisha. Nimelisikia kwa watu wazima, wasomi, na kila nikilisikia linanichoma. Ni swali linalomwacha muuaji aende zake, likamkaba koo marehemu.

Tazama kwanza ni nani waliokuwa wakishuka kwenye mabehewa. Kuanzia katikati ya Mei 1944 hadi mwanzoni mwa Julai, Wayahudi zaidi ya 400,000 walisombwa kutoka Hungaria, karibu wote wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mateso na mauaji ya Wanazi, watu wa Hitler, katika ardhi ya Poland iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wanaume wengi wenye nguvu walikuwa wameshachukuliwa kufanya kazi za suluba jeshini, kwa hiyo waliofika walikuwa kwa wingi akina mama, watoto na wazee. Walisafiri siku kadhaa ndani ya mabehewa ya mizigo, wamebanana, kiu imewakausha.

Wakishashushwa, daktari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, anawatazama kwa sekunde chache na kuwagawa. Mzee, mjamzito, mama aliyeshika mtoto: huku. Wakaambiwa wanakwenda kuoga, kumbe wanapelekwa kwenye vyumba vya gesi ya sumu. Katika chumba cha kuvulia nguo kulikuwa na kulabu zenye namba, na watu wakahimizwa waikariri kila mmoja namba yake ili wakitoka wasihangaike kutafuta nguo zao. Habari ya kulabu hizo niliisoma zamani na mpaka leo hainitoki. Mtu alikaa kitako, akawaza namna ya kumtuliza mama wa watoto watatu, na jibu alilopata ni namba ukutani. Sasa mama yule angepigana na nani, tena kwa silaha gani, ilhali mtoto analilia maji na mbele yake ameonyeshwa mlango wa bafu?

Kati ya watu wapatao milioni 1.3 waliopelekwa Auschwitz, kama milioni 1.1 walifia pale, na karibu milioni moja kati ya hao walikuwa Wayahudi. Wengi wao hawakulala kambini hata usiku mmoja.

Waliobakizwa kwa ajili ya kazi walinyolewa, wakachanjwa namba kwenye mkono wa kushoto, wakaingizwa kwenye njaa. Asubuhi nusu lita ya maji machungu yaliyoitwa kahawa. Mchana supu nyepesi. Jioni mkate mweusi, kama gramu 300, na kijipande cha siagi bandia au soseji. Mkate huo ulitakiwa umfikishe mtu hadi asubuhi ya pili, na hapo ndipo penye vita ya kila usiku. Ukiumaliza, unaamkia kazini na tumbo tupu. Ukiubakiza, unalala umeukumbatia na bado unaweza kuamka haupo. Wengi waliona heri waule palepale, maana tumboni mwizi hafiki. Mkate ndio uliokuwa pesa. Kwa mkate mtu alipata kijiko, kamba ya kiatu, bakuli. Na asiye na bakuli supu yake ingetiwa wapi? Kuibiwa bakuli kulitosha kumwanzishia mtu safari ya kifo. Juu yao wote walisimama wanyapara, wafungwa wenzao waliopewa fimbo na mgao mnono kidogo, na mmoja akitoroka, waliobaki ndio walioadhibiwa.

Hapo hapo, mwanangu, walikuwepo waliofunga siku ya Yom Kippur, siku kuu ya Wayahudi ya toba. Watu wanaokufa kwa njaa waliuweka mkate wao hadi jua lizame. Wewe umelelewa katika nyumba inayofunga Ramadhani, na futari ulikuwa unaisikia harufu yake tangu alasiri. Saumu ile mimi sina pa kuipimia. Usiniambie watu hao walikuwa wamekubali.

Na wapo waliopigana kwa maana hiyohiyo unayoitaka wewe. Katika kambi ya mauaji ya Treblinka wafungwa waliasi tarehe 2 Agosti 1943, na katika ile ya Sobibor tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo. Auschwitz kwenyewe kulikuwa na Sonderkommando, kikosi cha wafungwa, karibu wote Wayahudi, waliolazimishwa kuzitoa maiti kwenye vyumba vya gesi na kuzichoma. Baadhi yao walizikuta humo maiti za jamaa zao. Sitaki kusikia mtu akiwahukumu hao. Anayeweza kuwahukumu ni aliyewahi kusimama pale.

Wasichana wa Kiyahudi waliofanya kazi katika kiwanda cha silaha jirani na kambi, wakiwemo Ala Gertner, Regina Safirsztajn na Estera Wajcblum, waliiba baruti kidogokidogo, wakaiviringisha kwenye vitambaa na kuificha mwilini, wakapita nayo wakijua upekuzi upo. Ilipita mkono kwa mkono hadi kwa Roza Robota, aliyefanya kazi kwenye mabohari ya nguo za waliouawa, na kutoka kwake ikawafikia Sonderkommando. Tarehe 7 Oktoba 1944 wakaasi. Tanuri namba IV lilichomwa moto na halikutumika tena. Askari watatu wa SS waliuawa. Wafungwa waliouawa walikuwa kama 450. Wasichana wale wanne waliteswa wataje wenzao, na Roza hakutaja wale ambao SS walikuwa bado hawajawapata. Walinyongwa mbele ya wafungwa wenzao Januari 1945, wiki kama tatu tu kabla jeshi la Kisovieti halijafika tarehe 27.

Zalman Gradowski, mmoja wa Sonderkommando, aliuawa katika uasi ule. Mkewe, mama yake na dada zake walikuwa wameuawa siku waliyofikishwa wote kambini, Desemba 1942. Aliandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, akafukia maandishi yake ardhini karibu na matanuri, mojawapo ndani ya chupa ya maji ya alumini iliyochimbuliwa Machi 1945. Marcel Nadjari, naye wa Sonderkommando, Myahudi wa Thessaloniki huko Ugiriki, alifukia barua yake ndani ya chupa ya chai mwaka 1944. Yeye alipona, akahamia New York na kufariki mwaka 1971. Barua ilipatikana mwaka 1980, imeoza vibaya, na ni katika miaka ya 2010 ndipo wataalamu wa picha waliweza kuisoma sehemu kubwa. Aliyeamini atakufa aliona bado kuna kazi ya kufanya: sisi tujue.

Huko Sachsenhausen, waombe wawapeleke kwenye mabanda namba 38 na 39, yaliyokuwa ya wafungwa wa Kiyahudi. Baada ya fujo za Novemba 1938, Wanazi walipowashambulia Wayahudi kote Ujerumani, waliingizwa kambini humo Wayahudi kama 6,000, na Oktoba 1942 karibu wote waliokuwa wamebaki walipelekwa Auschwitz. Msipite mbiombio.

Na uulize pia habari za Bayume Mohamed Husen. Huyo hakuwa Myahudi. Alikuwa mwana wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili chuo kikuu Berlin. Sheria zilezile za Wanazi za damu na rangi ndizo zilizompeleka Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Jina lake lipo kwenye kijiwe cha kumbukumbu cha shaba, mtaa wa Brunnenstraße namba 193, Berlin. Mwalimu wako akiwa hamjui, mweleze wewe.

Shangazi yako