Orodha ya miti haitoshi kulinda msitu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya msomaji mwenzetu aliyependekeza Serikali itangaze orodha ya miti ya asili isiyoruhusiwa kukatwa. Nia yake ni njema, lakini yaliyotokea Kolombia yanaonyesha udhaifu wa njia hiyo ikitegemewa peke yake.

Mwaka 1974 nchi hiyo ilipiga marufuku ukataji wa mwaloni wa milima ya Andes, Quercus humboldtii, uliokuwa ukivunwa kwa mbao, nguzo za uzio na mkaa. Kumbe katika misitu hiyohiyo ya mvua ya milimani ulikuwapo mti mwingine wa familia moja na huo, unaoitwa huko roble negro, yaani mwaloni mweusi, ambao wanasayansi waliueleza rasmi mwaka 1979, miaka mitano baada ya marufuku; hivyo marufuku haikuutaja. Mti huu, Trigonobalanus excelsa, hauoti kiasili nje ya Kolombia; jamaa zake wa karibu wako ng'ambo ya Pasifiki, katika nchi kama Malaysia na Thailand. (Afrika kusini mwa Sahara haina mti hata mmoja wa asili wa familia hii, ndiyo maana wengi wetu hatuifahamu.)

Ukiokota matunda, tofauti huonekana mara moja: kokwa la mwaloni wa kawaida ni la mviringo na hukaa peke yake ndani ya kikombe chake, ilhali makokwa ya mwaloni mweusi ni madogo, yana pembe tatu, na hukaa kadhaa pamoja. Mwenye msumeno haangalii kokwa, na gogo likishapasuliwa mbao, ni nani atakayethibitisha lilikuwa la mti upi?

Kilichousaidia mti huo ni mipaka. Hifadhi ya Taifa ya Cueva de los Guácharos, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya mapango na ndege wa usiku wakaao humo, iliulinda miaka 19 kabla haujapewa jina la kisayansi, kwa kuwa ililinda msitu mzima.

Kwetu nako, Tessmannia princeps, mti mkubwa wa Udzungwa, ulipewa jina mwaka 2025 tu, nao unaota katika misitu ya hifadhi ya vijiji. Kwa hiyo nashauri fedha na askari wa misitu vielekezwe kwanza kwenye misitu hiyo ya vijiji, na orodha ifuate.

Msomaji wako,
Morogoro